Mkono Unapobisha Hodi: Utangulizi wa Ukandaji

Nakuandikia wewe ambaye hujawahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu taaluma hii, na huenda umekuja ukiwa na shaka kidogo. Neno "masaji" umeliona kwenye vibao vya njia ya kwendea hoteli za ufukweni, ukaona ni mambo ya watalii. Au umelisikia likitajwa kwa kicheko cha chinichini, ukaona ni mambo ya watu wasio na haya. Mashaka hayo yote mawili nayajua, maana ndiyo ninayokutana nayo kwa wanafunzi wangu kila mwaka, siku ya kwanza darasani.

Basi jaribu kukumbuka jambo ambalo huwezi kulikumbuka. Ulipokuwa na siku chache duniani, bibi yako au mkunga aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akakulaza kifudifudi juu ya miundi yake. Akachovya vidole katika mafuta ya nazi yaliyopata joto kidogo, akayapitisha mgongoni mwako tangu shingoni hadi kiunoni, polepole, akarudia na kurudia. Ulilia, ukanyamaza, ukalala. Kama wewe hukulelewa hivyo, jirani yako amelelewa hivyo. Somo letu linaanzia kwenye mkeka ule.

Tuanze na maneno, kwa kuwa Kiswahili kililigawa somo hili kabla vyuo havijaligawa. Tunakanda unga wa chapati na tunakanda mgongo, kwa kitenzi kimoja, kwani mkono unafanya kazi ileile: unabana, unainua, unaachia. Tunachua msuli uliokaza, yaani tunausugua kwa nguvu na kwa kurudiarudia mahali pamoja. Ndiyo maana klabu za mpira Tanzania zinapotangaza benchi la ufundi, humo yumo mchua misuli. Kisha tunasinga. Biharusi wa pwani husingwa kwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo kama asumini, mlangilangi, mawaridi na karafuu, pamoja na liwa. Hapo msuli haushughulikiwi sana. Kinachotafutwa ni ngozi laini, harufu, na utulivu wa mtu aliye katikati ya shughuli ya nyumba nzima. Ongeza kupapasa, kubonyeza, kusugua na kugongagonga, na utaona kwamba msamiati wa muhula wa kwanza tayari unao.

Katika makala hii nitatumia "ukandaji" kama jina la jumla: kutumia mikono, kwa utaratibu, juu ya tishu laini za mwili kwa ajili ya afya. Tishu laini ni sehemu za mwili zisizo mfupa ambazo mkono unaweza kuzifikia. Juu kabisa kuna ngozi. Chini yake kuna mafuta, kisha misuli, ambayo ni ile nyama nyekundu inayojikunja na kujinyoosha ili tusogee. Misuli hushikizwa kwenye mifupa kwa kano, kamba ngumu nyeupe. Iguse iliyo nyuma ya kisigino chako, ndiyo nene kuliko zote. Na kuna tishu moja ambayo wanafunzi huisahau: fashia. Siku ukienda buchani, mtazame muuzaji anapotenganisha mnofu na mnofu. Utaona utando mwembamba unaong'aa, unaovutika kama nailoni kabla haujakatika. Huo ndio fashia, na umeuzunguka kila msuli wako kama soksi.

Sasa tuingie kwenye mikono yenyewe. Mitindo ya ukandaji duniani ni mingi na majina yake yanatisha, lakini yote imejengwa kwa matendo machache. Vitabu vingi vinahesabu matano, na majina yake ya Kifaransa yalienezwa na daktari wa Amsterdam aitwaye Johan Georg Mezger, wa karne ya 19.

La kwanza ni mpapaso. Kiganja kizima kinapita juu ya ngozi, safari ndefu, bila kuinuka. Wanafunzi huliharakisha tendo hili kwa kuwa linaonekana jepesi, wakitamani kufika kwenye "kazi". Hapo ndipo ninapowasimamisha. Mpapaso ni hodi. Mgeni mwenye adabu hausukumi mlango. Anabisha, anasubiri, anasikiliza sauti ya ndani. Mkono nao, katika dakika zile za kwanza, unauliza: hapa pana joto kuliko pale? Msuli huu umekaza au ndivyo ulivyo? Mtu huyu ameshusha pumzi, au ameizuia? Majibu yanakuja kupitia kiganja. Mkandaji asiyesubiri "karibu" atakuta msuli umejikaza zaidi ili kujikinga naye, na nguvu zote atakazotumia baada ya hapo atakuwa anashindana na mwenye mwili.

La pili ni mkando: kuubana msuli kati ya kidole gumba na vidole vingine, kuuinua kutoka kwenye mfupa, kuuachia. Inanifurahisha kwamba jina la Kifaransa la tendo hili nalo limetokana na kukanda unga. Mfaransa na Mswahili walisimama mbele ya donge lile lile wakaona jambo moja. La tatu, msuguo, lina mtego. Katika msuguo kidole hakitelezi juu ya ngozi. Kinashikana nayo, vikasogea pamoja juu ya tishu iliyo chini zaidi. Mgeni wa kazi hii hutelezesha kidole, na baada ya dakika tano mgonjwa ana alama nyekundu inayowaka. Ukisugua ngozi badala ya kilicho chini yake, hujachua, umechubua.

Mawili yaliyobaki nayapitia upesi. Mpigo ni kugongagonga kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe au kwa ubavu wa mkono, na ndio wataalamu wa fiziotherapia huutumia kifuani na mgongoni ili kulegeza makohozi. Mtikiso ni kuutetemesha msuli au kiungo kizima kwa mikono.

Matano hayo ndiyo mchele wetu. Kwa mchele mmoja utapata wali wa nazi, pilau, vitumbua na mkate wa kumimina. Mtu asiyejua jikoni ataviona vyakula vinne visivyohusiana. Ndivyo ilivyo mitindo, na tutaifikia. Kwanza tuulize swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini kuguswa kunatuliza?

Umewahi kujigonga kiwiko kwenye fremu ya mlango? Kabla hujafikiri, mkono mwingine ulishakimbilia pale ukaanza kusugua, na maumivu yakapungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo yanayoitwa nadharia ya lango. Neva ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Kwa mujibu wao, ndani ya uti wa mgongo kuna mahali panapofanya kazi kama lango, ambapo habari za maumivu na habari za mguso hukutana. Mguso ukiwa mwingi, lango hujibana na maumivu yanayopita huwa machache. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini wazo lake la msingi bado limesimama.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonipendeza kuliko yote katika taaluma nzima. Katika ngozi yenye vinyweleo tuna nyuzi za neva zinazoamshwa hasa na mguso mwepesi unaosogea polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na zinachangamka zaidi karibu na sentimita 3. Habari zake huhusiana na raha na utulivu kuliko kutambua umbo la kitu. Jaribu sasa hivi. Toka kifundo cha mkono hadi kiwiko ni kama sentimita 25. Pitisha kiganja hapo kwa sekunde nane. Utaona ni polepole kuliko ulivyotarajia, na utaitambua kasi hiyo. Ndiyo kasi ya mama anayembembeleza mtoto. Hakuna aliyemfundisha.

Mguso wa namna hiyo huelekea kuamsha ule upande wa neva unaotawala mapumziko. Mwili una mfumo wa neva unaofanya kazi bila kuamriwa, wenye pande mbili: mmoja hukuandaa kukimbia au kupambana, mwingine hukurudisha kwenye kula, kulala na kujijenga. Upande huu wa pili ukishika usukani, mapigo ya moyo hupungua, pumzi hushuka hadi tumboni, na tumbo lenyewe huanza kunguruma. Siku ukilala kwenye kitanda cha ukandaji tumbo lako likanguruma, usione haya. Mkandaji amefurahi.

Faida zake zimepimwa kwa kiasi gani? Nikupe mifano miwili. Mwaka 1986 Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake waliwachunguza watoto njiti 40. Nusu yao walipapaswa na kunyooshwa viungo kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Walikula sawa na wenzao, lakini uzito wao uliongezeka kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 47. Bibi wa mkekani angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji mizani na daftari. Mimi nafurahi kwamba lilipata vyote viwili.

Mfano wa pili unabomoa. Umeambiwa, bila shaka, kwamba ukandaji "hutoa sumu mwilini" au hukamua asidi ya lakti, ile kemikali inayoongezeka kwenye msuli wakati wa mazoezi makali. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, kisha wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine. Walipochukua vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili, asidi ya lakti haikuwa tofauti. Kilichotofautiana ni dalili za uvimbe wa ndani, ambazo zilipungua katika mguu uliokandwa. Asidi ile mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo mtu akikuuzia ukandaji wa kutoa sumu, muulize ni sumu gani. Faida za kweli zinatosha: maumivu ya mgongo hupata nafuu, usingizi huja kwa urahisi, wasiwasi hupungua. Nafuu hiyo mara nyingi ni ya muda, na kulisema hilo wazi ni sehemu ya kazi.

Usidhani pia kwamba fikra hizi zilizaliwa maabara. Ibn Sina, katika Kanuni ya Tiba aliyoimaliza karibu mwaka 1025, alitenganisha msuguo mgumu unaokaza mwili na msuguo laini unaoulegeza, tena akatenganisha msuguo wa kuuandaa mwili kabla ya mazoezi na ule wa kuurejesha baada yake. Mtazame mchua misuli kabla ya mechi: mikono ya haraka, mipigo, mtikiso. Mtazame baada ya filimbi ya mwisho: mipapaso mirefu kuelekea juu ya paja. Pengine hajawahi kuisikia Kanuni, lakini anaifuata.

Sasa mitindo. Unaojulikana zaidi ulimwenguni huitwa wa Kiswidi, na jina hilo lina kichekesho. Limetokana na Per Henrik Ling, mwalimu wa vitara aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Lakini mpangilio wa yale matendo matano umetoka zaidi kwa yule Mezger wa Amsterdam, na Waswidi wenyewe huuita ukandaji wa klasiki tu. Ndani yake mtu hulala kitandani, hupakwa mafuta, na mipapaso na mikando hupishana. Ukianza kujifunza, anzia hapa, kwa kuwa makosa yako yataonekana haraka na hayataumiza sana.

Nuad Thai, ukandaji wa Thailand, uko mbali na huo. Hakuna mafuta, nguo hazivuliwi, na kitanda ni godoro la chini. Mkandaji hutumia vidole gumba, viwiko, magoti na nyayo, na humvuta na kumkunja mtu kana kwamba anamfanyisha mazoezi akiwa amelala. Hekalu la Wat Pho mjini Bangkok lina mabamba ya mawe yaliyochorwa njia na vituo vya mwili, ya zama za Mfalme Rama wa Tatu, karne ya 19. Na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji huu katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Njia zile, ziitwazo sen, hutaziona ukipasua mwili. Zichukulie kama ramani ya mabaharia wa zamani: haikuchorwa na setilaiti, lakini watu walifika bandarini.

Shiatsu ya Japani imejengwa kwa tendo moja, kubonyeza; jina lenyewe ni "kidole" na "mgandamizo". Tokujiro Namikoshi, aliyefungua chuo chake Tokyo mwaka 1940, alisimulia kwamba alianza akiwa mtoto, kwa kumbonyeza mama yake aliyeumwa viungo. Lakini kinachonivuta zaidi Japani ni jambo la kabla yake: kwa karne nyingi ukandaji wa jadi wa nchi hiyo, anma, ulikuwa kazi ya watu wasioona. Hawakupewa kwa huruma tu. Walikuwa na vyuo na vyeo vyao, na wateja waliwatafuta. Asiyeona hana namna ya kuwahi kuamua kwa macho. Lazima aulize kwa vidole.

Kuhusu mafuta, neno fupi. Ya nazi na ya ufuta yanafaa, na huna haja ya chupa ya bei kubwa. Ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo kule Pemba, yana kemikali iitwayo yujenoli inayotia ganzi. Ndiyo maana matabibu wa meno waliipenda. Yapake bila kuyachanganya na mafuta mengine, nayo yatakuunguza. Matone machache katika kikombe cha mafuta ya nazi yanatosha.

Nimeiacha mada ngumu kwa makusudi hadi tufahamiane. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilianguka kutoka juu ya mkarafuu, kifundo cha mguu kikavimba kama embe dodo. Aliitwa jirani, hodari wa kuchua, akaja na mafuta ya moto. Nilipiga kelele hadi watoto wakakusanyika dirishani. Siku ya tatu picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa. Jirani yule hakuwa tapeli, na nakiri kwamba mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu ya leo. Aliingia bila hodi, basi.

Kwa hiyo shika haya kabla hujamgusa mtu. Kifundo kilichoteguka leo hakichuliwi leo. Siku mbili tatu za mwanzo kuchua na kukanda kwa moto huongeza uvimbe. Asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe, apelekwe hospitali akapigwe picha. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, usiguswe kabisa: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukichua, donge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mwenye homa apumzike. Tumbo la mjamzito lisikandwe ili "kumgeuza mtoto", kwani kondo la nyuma linaweza kuachia. Na kwa mzazi anayekandwa kwa maji ya moto ndani ya arubaini yake, sina ugomvi na mila hiyo inayompa mwanamke mtu wa kumhudumia. Naomba tu maji yasiwe ya kuunguza, na aliyejifungua kwa upasuaji kidonda chake kisiguswe.

Hapo inakuja stara, na yule aliyekuja na shaka ya pili nadhani alikuwa akiisubiri. Katika ukandaji wa kitaalamu mtu hufunikwa wakati wote kwa shuka, au kwa kanga, na hufunuliwa sehemu inayofanyiwa kazi peke yake, kisha ikafunikwa tena kabla ya kwenda nyingine. Huulizwa kabla ya kuguswa, na akisema basi, ni basi. Mahali pasipo na utaratibu huo, vaa viatu vyako uondoke.

Kabla hujanunua mafuta au kutafuta chuo, nakupa zoezi nililopewa mimi. Chukua unywele mmoja, uweke juu ya meza, ufunike kwa karatasi moja. Funga macho. Upapase kwa ncha za vidole mpaka uupate. Ukishindwa, utaona kwamba unabonyeza mno, punguza nguvu. Ukiuona kwa kidole, ongeza karatasi ya pili, kesho ya tatu. Wanafunzi wangu wengi huishia karatasi ya tano au ya sita wiki ya kwanza wakadhani wamefika mwisho. Mmoja, fundi cherehani aliyekuja kusoma akiwa na miaka zaidi ya 50, aliendelea kuongeza karatasi huku darasa zima limenyamaza, akatabasamu macho yakiwa yamefungwa, akasema, "Mwalimu, uko hapa, na umekunjika kidogo."